Ng'ombe wa Mwisho wa Mzee Wakhisi

Kosa lilikuwa huruma. Ng'ombe anayevushwa kwa mtumbwi hufungwa miguu yote minne na kulazwa ubavu, na hata alie mpaka koo likauke, hafunguliwi fundo hata moja. Nabwire alilijua hilo tangu utotoni. Lakini ng'ombe wake, Madoa, alikuwa na mimba yake ya kwanza, kamba zilimkata, naye aliguna kama mgonjwa. Katikati ya ghuba ya ziwa msichana akalegeza kamba ya miguu ya mbele. Madoa akajiinua ghafla, mtumbwi ukapinduka, ukachukuliwa na mawimbi pamoja na kafi.

Ilikuwa Januari 1986, na Nabwire alikuwa na miaka kumi na mitano. Nyuma yake, upande wa Uganda, wanajeshi walioshindwa vitani walikimbilia mpakani wakichinja kila mfugo waliouona. Ng'ombe wanane wa baba yake, Mzee Wakhisi, waliliwa siku moja, akabaki Madoa peke yake.

"Huyu ndiye boma letu sasa," baba alimwambia asubuhi hiyo akiusukuma mtumbwi majini. "Mfikishe Port Victoria kwa shangazi yako Agneta. Mimi nawafuata mama yako na wadogo zako huko msituni walikojificha, tutakuja nyuma yako."

Sasa boma lenyewe lilikuwa linazama. Nabwire akavuta pumzi, akapiga mbizi, akakata kamba ya miguu ya nyuma kwa kisu cha kiunoni. Madoa akaibuka akikoroma, akaanza kuogelea. Alielekea magharibi. Ng'ombe hajui mpaka, anajua zizi lake.

"Si huko, Madoa! Huko watakuchinja!"

Akamshika pembe, akaigeuza pua yake kuelekea vilima vya Kenya. Madoa akarudi magharibi. Akamgeuza tena. Mvua iliwachapa, ikapita, jua likawaka, nao walikuwa bado wanabishana. Hapakuwa na mashua wala ndege. Nabwire aliwaita wadogo zake kwa majina, mmoja mmoja, apate tu kusikia sauti ya mtu. Upweke ule ulimuuma kuliko baridi.

Jua lilikuwa limeinama mashua ya wavuvi wawili Wakenya wa Usenge ilipowafikia. Madoa alikuwa hapigi miguu tena.

"Wewe msichana, panda haraka!" Mmoja wao, Ouma, alimnyooshea mkono.

"Na ng'ombe?"

"Hiyo wachana nayo. Boti itazama na sisi wote."

"Basi niacheni na mimi."

Zadock, mwenzake, alisonya. "Mtoto ya nani huyu? Haya, ingia, shika kichwa yake hapo kando. Ukiachilia, imeenda."

Akalala kifudifudi ukingoni, mikono yote miwili chini ya kidevu cha Madoa, pua ya mnyama ikimpumulia shavuni. Wavuvi walipiga makasia polepole. Mabega yalimwaka moto, kisha yakafa ganzi. Hakuachilia.

Ufukweni Port Victoria Madoa alianguka mara mbili, akasimama. Shangazi Agneta alikuja mbio kutoka kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, akamkumbatia Nabwire, kisha akatazama nyuma yake, ziwani. Maji yalikuwa matupu.

"Wengine wako wapi, mwanangu?"

Nabwire alitaka kusema wanakuja. Lakini mchana kutwa hakuwa ameona mtumbwi wowote kutoka upande ule.

"Ni sisi tu, Shangazi," alisema, na ndipo alipolia.