Maharage ya Ndoo ya Bluu

Sikilizeni, wazazi, na ninyi mnaolea wazazi. Haya yalitokea kilimani, juu kidogo ya Iyunga.

Bibi Esnath alikuwa ameketi uani akichambua maharage ya mbegu, mjukuu wake Lusia akimwokotea yaliyoruka nje ya ungo. Alipomaliza aliyachanganya na dawa ya wadudu, akayatia kwenye ndoo ya bluu yasubiri mvua. Roho yake ilikuwa imetulia. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini bila kukosea hata msimu mmoja.

Wiki hiyohiyo wauguzi wakaja kanisani kuwapima wazee kumbukumbu. Jambo jema, msinielewe vibaya. Jirani yao, Mzee Sedekia, aligundulika mapema kuwa na ugonjwa wa kusahau, akapata matunzo, na wanawe wakaacha kumgombeza. Lakini Esnath aliulizwa kwa Kiswahili cha haraka, muuguzi amevaa barakoa. Masikio yake yalikuwa mazito, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Kisha akapewa kalamu achore saa, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Akairudisha kalamu kwa aibu.

"Amepata alama ndogo," muuguzi akamwambia mwanawe, Isaka. "Hiyo haisemi kwamba anaumwa. Mpeleke hospitali daktari amwangalie vizuri, na masikio pia."

Isaka alisikia nusu. Nyumbani akamwambia mkewe, Damari, "Mama kichwa kimeenda. Ufunguo wa stoo shika wewe."

Safari ya hospitali ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Esnath akisema chai haina sukari, eti amesahau kwamba imewekwa. Akinyamaza, ugonjwa umezidi. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja akamkuta Damari ameinjika maharage, ndoo ya bluu iko wazi kando yake.

"Mama Lusia, hayo ni ya mbegu! Nimeyatia dawa kwa mkono wangu."

"Hiyo ilikuwa mwaka jana, Mama. Mwaka huu hukutia."

"Ni mwaka huu! Lusia aliniona. Akirudi shule muulize."

"Nimeyaosha mara mbili. Nenda kapumzike."

Esnath akaishika sufuria aimwage. Isaka akatoka ndani, akamdaka mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango kwa nje. Esnath akagonga, akalia, akaita. Damari akaongeza sauti ya redio.

Lusia akarudi na njaa yake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akapakuliwa wa kwanza.

Wakubwa walitapika, wakapona. Lusia alikata roho kabla gari halijafika hospitali.

Baada ya mazishi ndipo Esnath alipopelekwa kwa daktari. Akasafishwa masikio, akaulizwa maswali kwa Kisafwa, lugha yake ya kuzaliwa. Akili yake ilikuwa nzima.

Isaka akapiga magoti palepale. "Mama, kwa nini hukusema kwa nguvu?"

Sasa Esnath alikuwa anasikia vizuri kabisa. "Nilisema, mwanangu. Ulikuwa umefunga mlango."

FUNZO

Wapimeni wazee wenu, tena mapema, maana ugonjwa huu upo na anayegundulika hutunzwa. Lakini kipimo cha kwanza kinaonyesha tu nani aonwe na daktari. Ukiishia hapo umemhukumu mzazi wako bila kesi. Aulizwe kwa lugha yake, masikio yakaguliwe, na safari ya hospitali ifike mwisho. Na hata kama ni mgonjwa kweli, akikwambia chakula kina sumu, mwaga kwanza, mbishane baadaye.