Kisanduku Kinachokula Umeme Wowote

"Nani alikutuma ukiguse?"

"Umeme ulishuka, Joa! Mizani ikazima, malori matatu yako nje yana—"

"Nimekuuliza, nani alikutuma?"

"Usinifokee. Mimi siyo redio zako, unazigonga ubavuni ndiyo ziongee."

Na ni kweli, Joakim huwa anazigonga. Alikuwa amepiga magoti kwenye ofisi ya mizani ya ginari, kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, shati la bluu limejaa masizi, na mbele yake kisanduku cha bati kinafuka moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua. Evalina, karani wa mizani, alikuwa amemsimamia na gauni lake la maua ya njano, nyuzi za pamba zimemganda kichwani kama mvi. Hata akikasirika alikuwa anapendeza, ndiyo shida yenyewe.

Ulikuwa msimu wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Mashimba, mwenye ginari, alileta mizani ya umeme kutoka nje. Lakini umeme wenyewe asubuhi una nguvu, mchana unalegea, jioni ni jenereta. Pawasaplai, kisanduku cha kuilisha umeme, iliyokuja na mizani ikafa wiki ya kwanza, na mpya ilikuwa bei ya ng'ombe wawili. Joakim, aliyeacha chuo mwaka wa tatu, akajitapa ataunda yake kwa vyuma vya TV mbovu. "Volti tisini mpaka mia mbili sitini, bosi. Kinakula umeme wowote, hakina hata swichi."

Mashimba akampa siku tatu za majaribio. Kikivuka, anaagiza vingine kumi na viwili vya mitambo yote. Joakim akiipata hiyo kazi, anaenda kwa Mzee Salu, baba yake Evalina, aliyeshasema binti yake haolewi na mtu wa kushindashinda bila kazi.

Leo ndiyo siku ya tatu.

"Ulisema hakina swichi," Evalina alisema. "Nimebandua plasta hapo nyuma, nikaikuta. Mia na kumi, mia mbili ishirini. Nikafanya kama redio ya nyumbani. Umeme ukilegea, unaishusha."

"Halafu umeme ukarudi wote."

"Ukarudi, kikapasuka paa! Kwa nini uliificha?"

Joakim aliangalia mikono yake.

"Nilishindwa, Eva. Transista nilizopata, chini ya mia na hamsini haziamki. Nikaweka swichi, nikabandika plasta. Ukilegea nakuja kuigeuza mwenyewe."

"Kumbe! Mara sita kwa siku unapita hapa, 'nimekuja kumwona mpenzi wangu', kumbe unamwona mpenzi wako wa bati!"

"Mara nne za bati. Mbili zako, haki ya Mungu."

"Na leo ulikuwa wapi?"

"Posta. Nilikuwa nakupigia simu."

"Simu gani? Aliyepiga ni Mjerumani, anataka pamba, anaongea kama ana viazi mdomo—" Evalina akasita. "Joakim. Ulikuwa wewe?"

"Nilitaka ucheke. Nikuulize kama bado umeme una nguvu."

"Nilikukatia! Nikaja kuhangaika na mizani!"

Wakaangaliana. Evalina akacheka kwanza, machozi yakamtoka, akakaa chini naye kwenye sakafu. Hapakuwa na la kufanya. Joakim akamtoa uzi wa pamba kichwani, taratibu.

"Mwangaluka."

Mashimba alikuwa mlangoni, amewasalimia kwa Kisukuma. Wote wakaruka.

"Nimekiunguza mimi, bosi," Joakim alisema.

"Hapana, ni mimi," Evalina alisema.

Mashimba aliinama, akakinusa kisanduku. "Vitu vinaungua. Unda kingine, fundi. Nakupa mwezi mzima."

Evalina alitoka mbio kwenda kutuliza madereva, mkono mdomoni asipige kelele za furaha. Joakim alitaka kumfuata, lakini Mashimba akafunga mlango, akavua kofia, akaanza kuizungushazungusha.

"Fundi, wewe umesoma, una maneno. Mimi ni mtu wa ng'ombe tu. Tangu mke wangu afariki nyumba imepoa. Jumapili nisindikize kwa Mzee Salu, uwe mshenga wangu. Nisemee kwa Evalina."