Umanjano wa Safu ya Nane

Taa ilishuka kutoka darini kwa uzi mwembamba, polepole, kama buibui aliyeshiba. Ilipofika juu ya mchicha ikasimama, ikamulika mwanga mweupe wa kufumba na kufumbua, kisha ikarudi kwenye rangi yake ya zambarau. Sauti tulivu ikasema, "Safu ya pili, jani la tano. Kiu." Bomba jembamba likadondosha matone matatu kwenye shina lile moja tu.

"Umeona, dada?" Mhandisi Nkwabi alisema. "Haimuliki tu. Inatibu. Tumeiita taa-tabibu."

"Nimeona," Havijawa alijibu. Miguu ilikuwa ikimuuma tangu asubuhi, na hakuwa na nguvu ya kushangaa.

Ilikuwa siku ya tatu ya kuchagua taa. Dodoma ya wakati huo ilikula mboga za chini ya ardhi, kwa kuwa jua la juu lilibabua mche kabla haujatoa jani la tatu. Shamba lilikuwa ghorofa ya tisa kwenda chini, rafu juu ya rafu. Kila miaka mitano taa zilibadilishwa, na ushirika wa wachumaji ulikuwa na desturi yake: wahandisi walete vipimo vyao, lakini mchumaji mkongwe ndiye asimame chini ya kila taa kutwa nzima, achume, kisha aweke dole gumba kwenye ile aliyoichagua.

Safari hii mkongwe alikuwa Havijawa. Siku ya kwanza alisimama chini ya taa nyeupe. Macho yalipumzika, lakini mchicha wake ulihitaji siku ishirini na nne. Siku ya pili ilikuwa zambarau ya zamani, iliyochanganywa nyekundu na buluu, rangi ambazo jani huzipenda kuliko zote. Hiyo iliutoa mchicha kwa siku kumi na nane, na ndiyo iliyoshinda kila mara. Chini yake majani yalikuwa meusi kama mkaa, midomo ya watu pia, na ukitoka nje dunia nzima ilikuwa na ukijani kwa muda. Havijawa alikuwa ameishi hivyo miaka kumi na tisa.

Katika safu ya nane Tunu alikuwa akichuma, mtoto wake wa siku tisa mgongoni. Arobaini haikuwa imeisha, wala haikukaribia, ila rafu isiyo na mtu kwa wiki mbili hupewa mwingine.

"Huyo mtoto hajalia tangu asubuhi," Havijawa alimwambia.

"Mpole huyo, Da Havi. Analala tu, hata kunyonya mpaka nimwamshe. Wenzangu wananionea wivu."

Taa-tabibu ikapita juu yao. Ikasimama. Ikashuka hadi kwenye unyayo mdogo uliochomoza kwenye kanga, ikamulika weupe wake. "Safu ya nane, jani la kwanza. Umanjano. Hatari."

Safu nzima ikacheka.

"Tunu, umezaa mchicha!" mmoja alipaza sauti.

"Mmwagieni mbolea!"

Tunu mwenyewe alicheka hadi akashika rafu. Nkwabi alikuna shingo kwa haya. "Samahanini. Haijafundishwa watu. Kosa dogo hilo, jioni moja nalitoa."

Havijawa hakucheka. Alikuwa ameshaweka kikapu chini.

"Tunu, twende kwenye lifti."

"Da Havi, rafu yangu..."

"Twende, nimesema."

Kwenye lifti palikuwa na taa nyeupe, lakini macho yao yalitoka zambarau na kila kitu kilikuwa na ukijani. Wachumaji wanajua cha kufanya: jani usiloliamini, liweke karibu na jingine.

"Vua kiatu," alisema.

Tunu akavua. Havijawa akainua unyayo wa mtoto, akauweka ubavuni mwa wa mama yake, akaubonyeza kwa kidole. Ngozi iliyobonyezwa ilirudi manjano kama kiini cha yai. Wa mama haukurudi hivyo.

Tunu akauinamia ule unyayo. "Tangu lini?"

"Tungejuaje? Kule chini ya zambarau sote tunaonekana weusi."

Zahanati walimpokea bila foleni. Muuguzi alimvua mtoto nguo zote, akamfunga kitambaa machoni, akamlaza ndani ya kisanduku cha kioo na kuwasha taa. Ilikuwa ya buluu. Havijawa aliitambua mara moja. Aliijua kama mtu anavyojua jiko lake.

"Hii inafanya nini?" aliuliza.

"Inavunja umanjano ulio kwenye ngozi, mama. Ukiachwa unapanda kichwani. Wengine hufa, wengine hubaki viziwi. Huyu mmemuwahi."

Havijawa akatafuta kiti.

Binti yake Mboni alikuwa na miaka kumi na minne na hajawahi kusikia sauti yoyote. Naye alikuwa mpole. Naye alilala tu, mgongoni, safu ya nane ileile. Buluu hii ilikuwa juu yake kutwa nzima, mwezi mzima, imechanganywa na nyekundu ili mchicha uwahi, na kati ya buluu hiyo na ngozi yake palikuwa na kanga ambayo Havijawa mwenyewe aliifunga vizuri, mtoto asipate baridi.

Nkwabi aliwakuta huko jioni, kibao cha kuwekea dole gumba mkononi. "Mtoto vipi?"

"Atapona."

"Shukrani kwa Mungu. Basi, dada, mimi lile kosa nimeshaanza kulitoa. Taa haitasumbua watu tena. Umechagua ipi?"

"Hiyo yako. Lakini lirudishe kosa."

"Dada, itakuwa inasimama kwa kila mtu. Mchicha utachelewa siku moja, labda mbili."

"Uchelewe."

"Ushirika wataniuliza sababu."

Havijawa alitazama kwenye kioo, mtoto akipiga teke hewani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alinyoosha mkono, dole gumba likiwa bado na utomvu wa mchicha.

"Waambie waje waniulize mimi," alisema. "Waje na Mboni awepo."