Elena Amechoka Kubeba Maneno

— Elena, mwambie huyo dereva apunguze mwendo.

— Fadhul, Sista anasema punguza.

— Mwambie Sista barabara ndiyo mbaya, si mimi.

— Sista, anasema...

— Nimesikia. Mimi si kiziwi.

Elena alifumba macho. Alikuwa amelazwa kwenye machela nyuma ya Land Rover ya wagonjwa. Asubuhi ile, pale Koboko, alikuwa amezaa mtoto wa kiume, na tangu hapo damu ilikuwa imekataa kukatika. Mtoto amebaki na bibi yake, mama anakimbizwa Arua kwa daktari. Njiani, badala ya kuombewa, amepewa kazi ya simu.

— Nyinyi watu, mimi iko nakufa hapa, nyinyi mnanituma tu.

— Hufi, mama, alisema Kaltumu, huyo Sista, nesi wake. Alikuwa amepiga magoti, ngumi yake imekandamiza tumbo la Elena. — Huyo wa mbele ndiye alitaka kuniua mimi.

— Mwambie sijaua mutu!

Koboko yote ilijua. Hawa wawili walikuwa wachumba. Siku ya posa, Fadhul alitakiwa awalete wazee wake kutoka Arua. Kwa kina Kaltumu mbuzi akachinjwa, mashangazi wakavaa vitambaa vipya vya gurbaba, wakakaa mpaka chakula kikapoa. Wazee hawakuja. Fadhul hakuja. Hata salamu haikuja. Kesho yake alipotokea, Kaltumu akamgeuzia mgongo, naye akanuna: yaani mutu hata haniulizi nililala wapi? Tangu siku hiyo wanafanya kazi gari moja kama kuku wawili waliofungwa kamba moja, kila mmoja anavuta kwake.

— Elena, mwambie huyo apite pole hapo kwa mawe.

Kaltumu akainama kumtazama.

— Elena?

Midomo ilikuwa imepauka. Kichwa kilikuwa kinayumba na gari.

— Fadhul!

Breki zikalia. Jina lake hakuwa amelisikia kutoka mdomo ule tangu siku ya mbuzi.

— Naam!

— Njoo nyuma. Usizime gari. Chupa ya maji ya mshipa imeisha, na mimi nikitoa mkono damu inamwagika.

— Nifanye nini?

— Funga kale kabanio kwa mpira.

— Nafunga kabanio. Imefunga.

— Chomoa sindano ya juu, ingiza kwa chupa mpya. Usiguse ncha.

— Nachomoa. Naingiza. Sigusi ncha.

— Tundika, fungua.

— Natundika. Nafungua. Iko natiririka!

Kaltumu akashusha pumzi.

— Arua walisema nini? Daktari iko?

— Mimi nijue wapi? Si wewe ulipiga simu?

— Kupiga simu ni kazi yako!

— Hukunipa maneno!

Wakatazamana. Desturi yao ilikuwa hivi: Kaltumu anasema maneno, Fadhul anakimbia posta, anapiga Arua, anarudi anasema, “Wamesikia.” Bila “wamesikia,” gari haiondoki. Leo kila mmoja alidhani mwenzake amefanya, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

— Polisi ya Maracha iko na simu, Fadhul akasema. — Nipe maneno.

— Mama amezaa asubuhi, mfuko wa uzazi imelegea, damu nyingi, amezimia. Watayarishe chumba ya operesheni, watafute damu, daktari asitoke.

Akarudia yote.

— Umesahau amezimia.

— Na amezimia.

Pale Maracha gari likabaki linanguruma, kwa sababu likizimwa linataka watu wa kusukuma. Fadhul akawa anapiga kelele ndani ya simu:

— Haloo, Arua! Daktari iko wapi?

— Anaondoka kwenda kula. Gari yake imeshawashwa.

— Lala mbele ya hiyo gari! Sikia maneno haya, halafu nirudishie.

Alirudi anakimbia.

— Wamesikia! Daktari ameshikwa!

Wakaondoka.

— Shimo kushoto. Shika.

— Nimeshika.

— Daraja. Shika.

— Nimeshika. Mdomo wa mama unarudisha rangi kidogo.

— Ile siku ya mbuzi walinipa mgonjwa wa kupeleka. Kurudi, petroli ikaisha njiani, Aroi. Nililala kwa gari. Shimo kubwa!

— Nimeshika. Kwa nini hukusema?

— Hukuuliza.

— Si una mdomo?

— Na wewe si una masikio? Shimo.

— Nimeshika... Nyama yako niliwapa mbwa.

— Yote?

— Yote.

— Wallahi, hata mguu?

Fadhul alimsikia Kaltumu anacheka, cheko la mtu asiye na nguvu tena.

Arua, daktari alikuwa mlangoni, amekunja mikono ya shati. Elena akaingizwa. Nje, barazani, vidole vya Kaltumu vilikuwa vimekataa kukunjuka. Fadhul akamshikia kikombe, naye akanywa kama mtoto. Wakakaa hivyo, vumbi mpaka kwenye kope, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana.

Jioni waliitwa. Elena alikuwa amefungua jicho moja.

— Mmeongea?

— Tumeongea, mama.

— Mungu asifiwe. Basi mimi nimeacha kazi, akasema, akalifumba jicho tena.

Fadhul akakohoa.

— Kaltumu. Ijumaa naleta wazee. Gari ikinizuia, napiga simu.

— Umesemaje?

— Nasema Ijumaa naleta...

— Nimesikia. Rudia tu.

Akarudia yote, pole pole, hakusahau hata neno moja.

— Haya, Kaltumu akasema. — Wamesikia.