Nimekagua: Nakhumicha

Foleni ya maziwa katika soko la Makongeni, Thika, haina subira asubuhi, na siku hiyo ilikuwa imekwama kabisa. Skrini ya mashine ya kuuzia maziwa ilikuwa nyeusi tii. Mbele yake alichuchumaa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi mdomoni, akiigongagonga mashine ubavuni.

"Unairekebisha ama unaibembeleza?" msichana mmoja alimuuliza. Alivaa gauni la manjano na raba nyeupe, chupa tupu ya shangazi yake wa Makongeni kwapani.

"Madam, hii ni kazi ya fundi."

"Chomoa waya wa skrini, uchomeke tena. Halafu tutajua fundi ni nani."

Alichomoa, akachomeka. Skrini ikawaka. Watu walicheka, na kijana akatoa bisibisi mdomoni ili acheke nao.

"Unaitwa nani?"

"Nakhumicha."

Alimkodolea macho. "Nakhumicha wa ofisi ya Ruiru? Si ni wewe hukataanga code zangu?"

"Kumbe wewe ndiye Gachau. Andika vizuri, hutakataliwa."

Walikuwa wameajiriwa na kampuni moja inayotengeneza skrini za mashine za maziwa, yeye Gachau katika karakana ya Thika, na mpaka asubuhi hiyo walijuana kwa majina ya kwenye kompyuta tu. Mapenzi hayakukawia. Kila jioni simu ililia katika chumba cha Nakhumicha kule Kiuu, na majirani walizoea kumsikia akicheka peke yake. Kazini walificha. Walikuwa na sababu.

Kampuni ile ilikuwa na sharti moja lisilochezewa. Hakuna programu iliyoingia kwenye mashine kabla mwenzako hajaisoma yote na kuandika chini yake "Nimekagua", kisha jina lake. Ikiharibika, mnaitwa wote wawili. Sasa nani angeamini jina la mpenzi?

Mambo yaliharibika skrini ya tangi la maziwa huko Gatuanyaga ilipoanza kuzimika ovyo. Wafugaji walilalamika, maana bila skrini hakuna aliyejua kama maziwa yamepoa. Bosi wao, Bwana Kagwe, alimwambia Gachau bila kuzunguka: chanzo kisipojulikana kufikia Ijumaa, kandarasi yake haiongezwi.

Gachau hakulala. Aliandika programu ya kupekua ndani ya chipu ya skrini. Humo mna rejista, vyumba vidogo vinavyoshika hali ya kila kitu: mwanga, rangi, umeme. Programu yake ingezisoma zote, moja baada ya nyingine, na kuzimwaga kwenye laptopu, ili ionekane ni ipi iliyopotoka skrini inapozima. Wazo lilikuwa zuri, na Nakhumicha alipolisoma alimwonea fahari. Kisha alifika katikati, akaona kosa.

Mahali ambapo ofisi nzima husoma, aliandika: "Ukisoma rejista ya sehemu iliyokatiwa umeme, mashine yote inaganda. Mwandishi hakufikiria. Nimekataa."

Kukataa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuandika kama adui, ili watu wasije wakasema anambeba mpenzi wake.

Simu ililia kabla hajainua mikono kwenye kibodi.

"Babe. Ati 'hakufikiria'? Hata Kagwe amesoma."

"Nikikuandikia tamu watasema nakupitishia."

"Kwa hivyo unanipaka matope ndio uonekane msafi? Mimi nimetest, inafanya."

"Umetest skrini ikiwa imezima?"

Gachau alikuwa ameijaribu ikiwa imewaka tu. Lakini mwanamume aliyeumizwa mbele ya watu ni nadra kukubali kosa papo hapo.

"Weka jina tu, Naku. Ijumaa ni kesho kutwa. Nikikosa hii kandarasi naanza wapi?"

"Siwezi, mpenzi."

"Ungekuwa unanipenda—"

"Usifike huko, Gachau."

"Basi. Na Jumapili usijisumbue kuja kwa mathe."

Simu ilikatwa. Nakhumicha aliitazama. Gauni la kwenda Jumapili kumwona mama yake Gachau kwa mara ya kwanza lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni huko Kiuu.

Alhamisi asubuhi Gachau alipanda bodaboda hadi Gatuanyaga, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaiweka programu yake ndani ya mashine bila jina la mtu yeyote chini yake. Wafugaji walikuwa wamepanga mikebe, na tangi lilikuwa karibu kujaa. Mbele kabisa alisimama mama yake, kitambaa cha kijani kichwani, akimwonyesha kila mtu kwa kidevu kwamba yule ni wake.

Skrini ikazima. Gachau akabonyeza. Mistari ilimwagika kwenye laptopu, ikakimbia, kisha ikasimama ghafla. Kukawa kimya, na si kimya kizuri.

"Injinia," alisema Kiilu, mtunzaji wa tangi. "Mota imenyamaza."

Mashine yote ilikuwa imeganda, na kipozaji pia. Gachau alibonyeza hiki na kile. Jua lilikuwa limepanda. Wafugaji walisogea, na mama yake akaacha kutabasamu. Gachau alijua namba moja tu ya kupiga. Alimeza kiburi chake, akaiweka simu kwa spika ili mikono ibaki huru.

"Naku. Imeganda, vile ulisema. Mashine inaandika—"

"Maziwa yako ndani?"

"Yako."

"Achana na mashine. Maziwa kwanza. Zima swichi ya ukutani, hesabu pole pole, washa."

Alifanya hivyo. Wote waliisikiliza mota. Ilikohoa, ikaguna, ikaanza kunguruma, na Kiilu akakaa chini juu ya mkebe.

"Sasa mstari wa mwisho kabla igande unasema nini?"

"Taa ya nyuma ya skrini."

"Hiyo haifai kuwa imekatiwa umeme, mtu akiwa anatumia mashine. Gachau, programu yako imeshika mwizi. Ngoja nitafute nani anaikata."

Alitafuta. Ilikuwa programu ya kuokoa umeme, iliyoandikwa na fundi aliyekwisha kuacha kazi, ambayo ilikata umeme wa taa na kusahau kuurudisha. Nakhumicha alishuka mpaka chini kabisa, akaona maneno mawili ambayo alitamani yangekuwa ya mtu mwingine: Nimekagua, Nakhumicha.

"Naku, uko?"

"Niko. Ni mimi nilipitisha."

Gachau alizima spika haraka, akasogea kando. "Kagwe hajui. Sema umeipata, urekebishe, iishe hapo."

"Halafu wewe ndiye ufukuzwe kwa kosa langu? Hapana, sweetie. Aliyeweka jina huitika."

Kagwe alikaa meza ya pili kutoka kwake, mle mle ofisini Ruiru. Nakhumicha alisimama mbele yake, akasema yote, pamoja na kwamba anampenda Gachau.

"Hilo la mwisho lilijulikana kitambo," alisema Kagwe, uso mkavu. "Mmoja ameweka kitu bila jina, mwingine ameweka jina bila kusoma vizuri. Kesho mko Gatuanyaga wote wawili. Ikipona, tutazungumza kandarasi. Isipopona, nitatafuta mafundi wengine wawili."

Ijumaa walikaa bega kwa bega juu ya mikebe iliyopinduliwa. Gachau aliongeza mistari michache: programu iulize kwanza kama kuna umeme, usipokuwepo, iiruke rejista hiyo. Nakhumicha alirekebisha ile ya kuokoa umeme, Gachau akaisoma kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitu. Waliizima skrini, wakaiamsha, wakaizima tena. Mota haikunyamaza. Chini ya kazi ya Gachau, Nakhumicha aliandika: "Imefikiriwa vizuri. Nimekagua, Nakhumicha." Kagwe alipiga simu kabla ya chakula cha mchana, akasema Gachau apitie ofisini Jumatatu kutia sahihi kandarasi.

"Nisamehe kwa lile neno," alisema Nakhumicha. "Ningekataa bila kukuumiza."

"Nisamehe kwa Jumapili."

Kivuli kiliwaangukia. Mama yake Gachau alikuwa amesimama hapo, mkebe mtupu mkononi, akilitazama gauni lililopigwa pasi, ambalo Nakhumicha alikuwa amelivaa leo, siku mbili kabla ya Jumapili.

"Huyu ndiye anakataanga kazi yako?"

"Ndiye, maitũ."

Nakhumicha alisimama upesi kuliko alivyosimama mbele ya Kagwe, akajipangusa vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana kila mtu hapa alikuwa analilia mashine, hata huyu wangu. Wewe peke yako ulisema maziwa kwanza." Alimpa ule mkebe aushike. "Jumapili ni mbali. Twende nyumbani, chai iko."