Tundu la Mia Sita na Kumi na Tatu

Programu ilisema imebadilisha matundu mia sita na kumi na matatu, na ubao mzima ulikuwa na mia sita na kumi na mawili. Radka alikunja uso, akausingizia uchovu, akanywa kahawa yake iliyopoa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na Momchil wa meza ya pili alikuwa akitafuna banitsa ya jibini huku mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni. Kazi ya ofisi ile ya Plovdiv ilikuwa kuchora mbao za saketi za mashine za watu wengine. Tarakimu moja iliyozidi haikumkosesha mtu hamu ya kula.

Matundu yenyewe yalikuwa ya Mzee Tsanko. Wachoraji wenzake walichukua umbo la tundu lililokuwemo kwenye maktaba ya programu, lakini yeye alijichorea lake, lenye pete pana ya shaba, akalipa jina lake mwenyewe. Kwa miaka ishirini alilitia katika kila ubao, kama mbwa anavyokojolea kila nguzo. Alipokufa, tangazo la kifo chake lilibandikwa mlangoni pamoja na picha, masharubu yake ya manjano ya tumbaku yakiwatazama kila walipoingia. Koti lake liliachwa kitini, kikombe mezani, droo ikafungwa. Vitu vya maiti haviguswi kabla ya arobaini, hilo hata bosi alilijua. Ila siku ya thelathini na saba bosi huyohuyo aliagiza matundu ya Tsanko yaondolewe yote, kwa kuwa kiwanda kinalalamika.

"Na arobaini je?" Momchil aliuliza.

"Kikombe ndicho cha marehemu," Radka alimjibu. "Kompyuta ni ya kampuni. Kula banitsa yako, bwana."

Ndipo alipofungua dirisha la kutafuta, akaandika jina la tundu la Tsanko, akachagua la kawaida, akabonyeza badilisha yote, na programu ikamtolea ile hesabu yenye moja lililozidi.

Kabla ya chakula cha mchana kiganja kilianza kumwasha. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu dogo, duara kamili, lenye pete ya rangi ya shaba. Halikutoa damu. Alipoinua mkono dirishani, mwanga ulipenya ukatokea upande wa pili. Alipolibonyeza, lilitema uji wa kijivu wenye harufu ya boza, kinywaji cha nafaka, iliyochacha na nywele zilizoungua, na katikati ya uji huo, taratibu, ukatoka unywele mmoja mgumu, mnene, wa manjano ya tumbaku.

Radka alitapika kwenye kapu la karatasi.

"Rudisha!" Momchil alinong'ona. "Rudisha yake yote kama yalivyokuwa, haraka!"

Alirudisha. Alitafuta matundu ya kawaida, akayabadilisha kuwa ya Tsanko, na programu ikajibu bila haya: mia sita na kumi na manne. Papo hapo ngozi ya kifundo cha mkono ilibonyea, ikafunguka, na tundu la pili likamtazama.

Kufikia kesho yake mchana yalikuwa kumi na moja, yamepangana kwa nafasi sawa kutoka kiganjani hadi kwapani, na kila moja lilikuwa likipumua, likijaa uji na kuumeza tena kwa mlio wa mtoto anayenyonya kamasi, na ile harufu ilikuwa imeingia kwenye sweta, kwenye nywele zake, kwenye mkate, hata maji aliyokunywa yalikuwa na ladha ya masharubu, na kila aliponyamaza alisikia kutoka ndani ya mkono wake sauti ndogo ya kubonyeza, tik, tik, kama mtu asiyeharakisha ambaye bado anachora.

Momchil alimpeleka kwa Bibi Gana, mganga wa mtaa wa Kyuchuk Parizh anayeagua kwa kumwaga risasi iliyoyeyushwa majini, aliyewatibu watu hofu tangu kabla mama zao hawajaolewa. Bibi alifungua kitambaa alichofungia Radka mkono, akaziba pua kwa pindo la aproni.

"Pfu! Nani amefukuliwa hapa?"

Walimweleza. Hakujua kompyuta, lakini alielewa mara moja.

"Alama ya maiti mmeifuta kabla ya arobaini. Huyu si Tsanko, mwanangu, Tsanko wa watu yuko njiani anakwenda. Mmeacha pahala pake wazi, na hakuna anachopenda jini kuliko pahala pa mtu palipo wazi. Sasa anakuchora wewe. Yakifika moyoni, utakuwa ubao wake."

"Yamebaki mangapi, bibi?" Radka aliuliza.

"Hesabu mbavu."

Risasi yake ilikuwa imeisha. Momchil alitoa begini waya wa kulehemu, ule mpya wa ofisi. Bibi alimfunika Radka kitambaa chekundu, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, akamwaga. Waya ulioyeyuka ulitandaa majini kama kohozi, kimya.

"Hii si risasi."

"Siku hizi waya hautiwi risasi," Momchil alisema. "Imekatazwa, eti inadhuru."

"Basi waambie waliokataza waje wamponye wao! Lete ya zamani. Nzito. Na iwe na mwenyewe aliyeitoa kwa moyo wake. Ya wizi usiniletee."

Ya zamani ilikuwa mahali pamoja tu, na Momchil alipajua. Wakati huohuo tundu la kumi na mbili lilifunguka chini ya titi la Radka na sauti yake ikakatika. Momchil alikimbia. Ilikuwa siku ya thelathini na nane. Alifungua droo ya Mzee Tsanko, akachukua bunda la waya mweusi uliokuwa bado na alama za meno ya marehemu, akarudi akihema.

"Ya nani?" Bibi Gana aliuliza.

Momchil alimtazama Radka aliyekuwa akichuruzika uji chini ya kitambaa.

"Yangu, bibi. Ilikuwa nyumbani."

Safari hii bakuli lilipiga ukelele. Matundu yote kumi na mawili yalitapika kwa pamoja, mashada ya nywele za manjano, vipande vya kucha, punje zilizokuwa meno au zilizotaka kuwa meno, vikarundikana sakafuni vikifuka mvuke, na bibi kizee akavisukuma kwa fagio huku akitukana matusi ambayo kasisi hangeyapenda. Kisha ngozi ikafunga. Bibi alitoa bakulini donge lenye umbo la ulimi, akaligeuza, akaguna.

"Katupe njia panda. Usigeuke nyuma."

Momchil alilitupa, na hakugeuka.

Siku ya arobaini ofisi ilipika ngano ya kumkumbuka marehemu, ikanyunyiziwa sukari, na tangazo jipya la arobaini yake likabandikwa mlangoni. Radka alikula kidogo. Mkono wake ulikuwa safi kama wa mtoto, lakini roho haikutulia. Aliwasha programu, akafungua ubao ambao alikuwa ameusafisha upya asubuhi hiyo, arobaini ikiwa imetimia, akatafuta tundu la Tsanko. Alitarajia sifuri.

Limepatikana: moja.

Alibonyeza lionyeshwe. Picha ilihama, ikautoka ubao, ikaingia kwenye weusi wa pembeni ambako hakuna mtu anayechora, ikateleza kulia, kulia zaidi, hadi mshale ukagota ukingoni mwa kioo na kubaki pale ukipepesa. Upande huo wa kulia ndiko ilikokuwa meza ya Momchil.

Momchil alikuwa ameacha kutafuna.

"Nani kapika hii ngano?" aliuliza kwa sauti nzito, kama mtu mwenye kitu kinywani. "Ina nywele."

Alitema sahanini. Nywele zilikuwa tatu, ngumu, za manjano.

"Hebu nichungulie, dada. Kuna kitu kinaniwasha."

Radka hakutaka. Alichungulia. Katikati ya ulimi wa Momchil pete pana ya shaba ilikuwa iking'aa, na ngano ilikuwa ikishuka ndani ya tundu lake, punje moja baada ya nyingine.