Asilimia Hamsini Iliyomponza Baba Pendo

Hapa kijijini Ihanja, ukitaka barua ya kuchapwa unakwenda kwa Marietha, mama yake Pendo. Ana kompyuta mpakato ya mtumba. Mumewe, Mughwai, aliuza ng'ombe ili aipate. Walipendana vizuri tu, mpaka betri ilipoingia kati yao.

Jioni moja Marietha alifunga kompyuta ikionyesha asilimia hamsini. Asubuhi akaiwasha, bado hamsini. Akaandika mtihani wa darasa la saba kwa dakika kumi hivi. Mara kioo kikawa cheusi, na ukurasa mzima ukapotea.

Papo hapo akapata wa kumlaumu. Mughwai ana CD ya harusi ya mpwa wake, na kwa ngoma humwambii kitu. Marietha akasema mumewe anaiangalia kwa siri na kumaliza chaji. Mughwai akakana. Mke akaifungia kompyuta sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni.

Wiki ile ile ikazima tena, ikisoma arobaini. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye akasema mume amechonga ufunguo wa pili! Mughwai akahamia kula kwa mama yake. Hapo hata sisi majirani tukaona mambo yameharibika.

Marietha akaipeleka kompyuta kwa Clement, fundi wa redio na simu mwenye jenereta pale barabarani. Alitaka iwekwe namba ya siri, Mughwai asiweze kuifungua. Clement akamwamkia shikamoo, akasikiliza kisa cha chaji inayoisha ghafla, kisha akauliza huwa anaichaji vipi. Marietha akajibu kwamba ni nusu saa leo, saa moja kesho. Hajawahi kuijaza wala kuiacha iishe.

"Mama, hiyo namba ya chaji ni makadirio," Clement akasema. "Kompyuta haichungulii ndani ya betri. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka. Ukiichaji vipande vipande muda mrefu, hesabu inapotea. Inasema hamsini, kumbe imebaki kidogo tu."

"Kwa hiyo hakuna aliyeigusa?"

"Hakuna, mama."

Marietha akakaa kwenye benchi. Aliona aibu sana, aliniambia mwenyewe.

Wakaichaji mpaka ikajaa, wakaiacha kwenye umeme saa mbili zaidi. Marietha akaitumia nyumbani, akihifadhi kazi kila mara, mpaka ikazima yenyewe. Ikapumzika saa chache. Kisha Clement akaijaza moja kwa moja, bila kukatiza. Akamwambia afanye hivyo kila baada ya miezi mitatu hivi. Kuimaliza chaji kila siku kunaichosha betri.

Akamwonya pia kwamba betri haijawa mpya. "Debe la alizeti lililobonyea likijaa, limejaa," akasema. "Lakini alizeti ni pungufu. Hii zamani ilidumu saa tatu. Sasa mia yake ni saa moja na nusu."

Tangu hapo namba inasema kweli, au karibu na kweli.

Marietha akaenda kwa mama mkwe wake, kompyuta mkononi. Mughwai alikuwa anakula ugali. Marietha akavua ufunguo shingoni, akauweka mbele yake.

"Baba Pendo, nilikuonea. Nisamehe."

Mughwai akanawa mikono polepole. Akauliza betri ikijaa inadumu muda gani.

"Saa moja na nusu."

"Ile harusi ni saa moja na dakika kumi," akasema, akiinuka. "Twende nyumbani."